Kanabidioli: ilivyofaulu kwenye kifafa, ilivyokwama kwenye wasiwasi

Mwaka 2015 madaktari wa watoto wa jimbo la Colorado, Marekani, walichapisha taarifa ya wagonjwa 75, watoto na vijana wenye kifafa sugu, ambao wazazi wao walikuwa wakiwanywesha mafuta ya bangi. Mzazi mmoja katika kila watatu alisema mishtuko ya mwanawe imepungua kwa zaidi ya nusu. Kwa kifafa kilichokwisha kukataa dawa mbili, tatu, nne, hiyo si nafuu ya kubeza, na wengi wangeishia hapo. Madaktari wale wakapiga hatua moja ndogo zaidi: wakawatenga wenyeji wa Colorado na familia zilizohamia huko kwa ajili ya kuyapata mafuta hayo. Kati ya waliohamia, asilimia 47 waliripoti nafuu ya kiwango hicho. Kati ya wenyeji, asilimia 22.

Ubongo wa mtoto haujui kama wazazi wake wamehama. Mzazi ndiye anayejua. Aliyeacha kazi, akauza nyumba na kuwaaga ndugu zake, halafu jioni ya kwanza akadondosha mafuta kwenye ulimi wa mwanawe, hawezi kuhesabu mishtuko kwa jicho lilelile la jirani aliyekwenda kununua chupa mtaa wa pili. Simsemi kwamba anadanganya. Mishtuko mingine ni midogo mno, mtoto anakodoa macho kwa nukta chache tu au mkono unaruka mara moja, na anayeamua kwamba huo ni mshtuko au si mshtuko ni yeye.

Kisa cha kanabidioli, kiambata cha bangi ambacho hakileweshi, kinafaa kuchambuliwa kwa sababu hiyo. Dutu hii imepimwa dhidi ya kifafa na dhidi ya wasiwasi pia, na wakati mwingine watafiti walikuwa walewale. Upande mmoja ikawa dawa yenye kibali. Upande wa pili bado inauzwa kwa matumaini. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya tofauti hiyo haimo ndani ya kemikali yenyewe. Imo katika kitu kilichohesabiwa, na katika aliyepewa kazi ya kuhesabu.

Kabla ya Colorado

Bangi kutajwa kwenye mishtuko si habari ya jana. Daktari William O'Shaughnessy, akifanya kazi Calcutta, India, aliandika mwaka 1839 kuhusu kichanga cha siku 40 kilichoshikwa na mishtuko isiyokoma, akakipa matone ya bangi, na mishtuko ikatulia. Maandishi yake husomwa hadi leo kama ushahidi wa kale. Ila matone yale yalikuwa utomvu wa bangi ulioyeyushwa katika pombe kali, na pombe yenyewe hupoza ubongo kwa njia inayokaribiana na ile ya dawa za usingizi. Kipi kilimtuliza mtoto? Kutokana na mgonjwa mmoja na chupa moja yenye vitu viwili, swali hilo halina jibu. Hata leo ni tatizo lilelile kwa kila anayechemsha au kuloweka majani, akampa panya, kisha akaandika kwamba mmea unatibu kifafa. Lazima kuwe na panya mwingine aliyepewa kile kimiminika pasipo majani.

Roger Adams na wenzake Marekani waliitenga kanabidioli mwaka 1940. Umbo lake halisi la kikemia lilijulikana mwaka 1963 kwa kazi ya Raphael Mechoulam huko Israel, mwaka mmoja kabla yeye na Yehiel Gaoni hawajaitenga THC, ile inayolewesha. Baada ya hapo ndipo ilipowezekana kumpa mnyama kitu kimoja chenye uzito unaojulikana, badala ya mmea mzima wenye viambata zaidi ya mia. Miaka ya 1970 kundi la Elisaldo Carlini, Brazil, likaonyesha kwamba kanabidioli inazuia mishtuko kwa wanyama wa maabara. Mwaka 1980 wakachapisha jaribio la wagonjwa 15. Wanane walipata miligramu 200 hadi 300 kwa siku, kwa muda uliofika miezi minne na nusu. Wanne kati yao karibu waache kabisa kuanguka, watatu wakapata nafuu ya kiasi, na mmoja hakuona tofauti. Upande wa plasebo, yaani dawa ya kujifanya isiyo na kitu ndani, aliyepata nafuu ya wazi alikuwa mmoja tu.

Matokeo mazuri, halafu kimya cha miaka 30 na zaidi. Wakaguzi wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, walipokusanya majaribio yote yaliyofanywa kwa kura, yaani wagonjwa wakigawiwa dawa au plasebo kwa bahati nasibu, walipata manne tu, yenye wagonjwa 48 kwa jumla. Hitimisho lao likawa kwamba hakuna cha uhakika kinachoweza kusemwa. Sheria za bangi zilichangia kimya hicho, bila shaka. Lakini pia hakuna kampuni iliyojiona mwenye mali, maana kemikali iliyokwisha kuandikwa vitabuni tangu 1940 ni vigumu kuimiliki, na majaribio ya watu mia na zaidi hayaendeshwi kwa posho ya maabara ya chuo.

Panya aliyelala

Kabla ya kurudi kwa wagonjwa, inafaa kueleza kwa nini kifafa na wasiwasi hupimwa pamoja mara nyingi, kwa kuwa hapo ndipo tafiti nyingi za mimea zinapoteleza.

Ubongo una breki. Breki kuu ni kemikali iitwayo GABA, ambayo hupunguza kelele za seli za neva. Diazepamu na ndugu zake huongeza nguvu ya breki hiyo, ndiyo maana dawa hiyohiyo hukatiza mshtuko wa kifafa, hutuliza hofu na huleta usingizi. Basi mtafiti mwenye dondoo, yaani kiini kilichokamuliwa, la mzizi fulani hufanya vipimo vya pande zote mbili. Kwa kifafa, humpa panya umeme wa muda mfupi kichwani, au humchoma sindano ya pentilinitetrazoli, kemikali inayoziba breki ya GABA, kisha hutazama kama dondoo limechelewesha mshtuko. Kwa wasiwasi, humweka panya kwenye njia yenye umbo la msalaba iliyoinuliwa kutoka chini, mikono miwili ikiwa na kuta na miwili ikiwa wazi. Panya mwoga hukaa kwenye kuta. Akizurura kwenye mikono iliyo wazi, huhesabiwa kuwa hofu imepungua.

Sasa chukua dondoo linalolevya tu. Panya aliyesinzia huchelewa kushikwa na mshtuko, na anaonekana ametulia. Ukisoma jedwali bila kumwona panya mwenyewe, unaweza kudhani umepata dawa mbili kwa mpigo. Kinga ipo na si ghali: gogo linalozunguka polepole. Panya huwekwa juu yake, na akianguka mapema kuliko kawaida, dozi ile imemlegeza misuli au imemlewesha. Binafsi nikikutana na utafiti wa mmea wenye kipimo cha mshtuko na kipimo cha hofu lakini usio na gogo wala namna nyingine ya kupima mwendo, nausoma kama utafiti wa dawa ya usingizi mpaka nithibitishiwe vinginevyo.

Kanabidioli iliupita mtihani huo kwa sehemu. Haishiki kwa nguvu vipokezi vile ambavyo THC huvishika, na inaonekana kufanya kazi kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja: kipokezi cha GPR55, mlango wa TRPV1, na usafirishaji wa adenosini, ambayo nayo hupoza seli za neva. Njia nyingi hivyo ni baraka kwa mwandishi wa matangazo na maumivu ya kichwa kwa mwanasayansi.

Ugonjwa uliochaguliwa

Kampuni ya Uingereza, GW Pharmaceuticals, ilipoamua kuifikisha kanabidioli mbele ya wakaguzi wa dawa, haikuileta kwa kifafa kwa ujumla. Ilichagua ugonjwa wa Dravet. Huu ulielezwa mwaka 1978 na daktari Charlotte Dravet wa Ufaransa. Humshika mtoto katika mwaka wa kwanza, mara nyingi kwa mshtuko mrefu unaoletwa na homa, na wengi wao wana hitilafu kwenye jeni la SCN1A. Jeni hilo hutengeneza mlango wa sodiamu ambao seli za breki huutegemea kuliko seli nyingine. Mlango ukiwa mbovu, breki ndizo zinazolegea kwanza. Hivyo dawa za kifafa zinazoziba milango ya sodiamu, kama karbamazepini na lamotrijini, zinaweza kumzidishia mtoto wa Dravet badala ya kumsaidia.

Uchaguzi huo ulikuwa wa akili sana. Chanzo cha ugonjwa kinajulikana, kwa hiyo wagonjwa wanafanana. Dawa zilizopo hazitoshi, kwa hiyo hata nafuu ya kiasi ina maana. Kuna panya waliozaliwa na hitilafu ileile, na utafiti wa mwaka 2017 kwa panya hao uliona kanabidioli ikipunguza mishtuko yao. Na mshtuko wa Dravet ni wa mwili mzima, mtoto anakakamaa na kutukutika. Mzazi haubahatishi.

Jaribio lilichapishwa Mei 2017, likiongozwa na Orrin Devinsky wa New York. Watoto na vijana 120 wa umri wa miaka 2 hadi 18, wengi wao wakiwa tayari kwenye dawa tatu na wamekwisha kujaribu nyingine nne bila mafanikio. Kwanza walihesabiwa mishtuko kwa wiki nne bila kuongezewa chochote. Kisha kwa kura 61 walipewa kanabidioli safi, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na 59 plasebo yenye sura na ladha ileile, kwa wiki 14. Mzazi hakujua. Daktari naye hakujua.

Kwa waliopewa kanabidioli, mtoto wa katikati ya orodha alishuka kutoka mishtuko 12.4 kwa mwezi hadi 5.9. Kwa plasebo, kutoka 14.9 hadi 14.1. Tofauti hiyo ilivuka mstari wa takwimu bila ubishi, yaani ni vigumu kusema ni bahati tu. Watatu walikaa bila mshtuko hata mmoja katika kipindi cha matibabu, wote wa upande wa kanabidioli.

Namba ninayorudi kuisoma kila mara ni nyingine. Waliopungukiwa mishtuko kwa nusu au zaidi walikuwa asilimia 43 upande wa kanabidioli na asilimia 27 upande wa plasebo, na kwa kipimo hicho peke yake tofauti haikuvuka mstari. Asilimia 27 ya watoto wasiopewa kitu. Sasa irudishe Colorado: wenyeji walioripoti nafuu ya kiwango hicho walikuwa asilimia 22. Wagonjwa ni tofauti na hesabu ni tofauti, siziweki mizani moja kama sukari na sukari. Ila kama dawa ya kujifanya, mbele ya wazazi makini na madaktari bingwa, inaweza kufikisha 27, basi taarifa ya mzazi peke yake, hata awe mkweli kiasi gani, haiwezi kubeba uzito wa kuitwa ushahidi.

Dawa nyuma ya dawa

Kuna kipengele ambacho wapenzi wa mafuta ya bangi hukiruka na wapinzani wao hukizidisha. Asilimia 65 ya watoto wa jaribio la Dravet walikuwa wakitumia klobazamu, dawa ya ukoo wa diazepamu. Ini huivunja klobazamu na kuifanya kitu kingine, N-desmethiliklobazamu, chenye nguvu ya kuzuia mishtuko kivyake na kinachohitaji kimeng'enya kiitwacho CYP2C19 ili kiondoke mwilini. Kanabidioli huzuia kimeng'enya hicho. Matokeo yake, kiwango cha mabaki hayo kwenye damu hupanda kama mara tatu.

Hapo swali linajitokeza lenyewe: mtoto amepona kiasi kwa kanabidioli, au kwa klobazamu iliyoongezwa bila daktari kuandika? Uchambuzi wa baadaye, uliounganisha majaribio kadhaa, ulikuta nafuu hata kwa wasiotumia klobazamu, lakini kwa wanaoitumia ilikuwa kubwa zaidi. Wadhibiti wa Ulaya walilichukulia jambo hili kwa uzito wake: kibali chao cha mwaka 2019 kwa Dravet na kwa Lennox-Gastaut, kifafa kingine kikali cha utotoni, kilitaka kanabidioli itolewe pamoja na klobazamu. Marekani, iliyotangulia kuidhinisha tarehe 25 Juni 2018 kwa jina la Epidiolex, haikuweka sharti hilo.

Ini lina hadithi nyingine. Kwenye jaribio la Dravet, watoto 12 wa upande wa kanabidioli walipandisha vimeng'enya vya ini zaidi ya mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, dhidi ya mmoja wa plasebo. Wote walikuwa wakitumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Mzazi anayemnunulia mtoto mafuta kimyakimya huku valproeti ikiendelea anacheza na ini la mwanawe, na daktari asiyeambiwa hatapima.

Lennox-Gastaut nitaipitia haraka. Katika jaribio la wagonjwa 171, mishtuko ya kuanguka ghafla ilipungua kwa asilimia 43.9 dhidi ya 21.8 kwa plasebo. Mwelekeo ni uleule, na plasebo nayo ilifanya kazi yake.

Upande wa wasiwasi

Ushahidi wa kanabidioli dhidi ya wasiwasi si wa kuokoteza. Mwaka 1982 Antonio Zuardi na wenzake, São Paulo, walionyesha kwamba inapunguza hofu inayoletwa na THC kwa watu wenye afya. Mwaka 2011 watu 24 wenye woga mkali wa kijamii, ambao hawajawahi kutibiwa, waliwekwa mbele ya kamera na kuambiwa watoe hotuba. Waliotangulia kumeza miligramu 600 walipata wasiwasi mdogo kuliko wa plasebo. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya watu koo likakauka anaelewa kwa nini kipimo hiki kinapendwa.

Tatizo ni umbo la dozi. Mwaka 1990, panya wa njia ya msalaba walipungukiwa na hofu kwa miligramu 2.5, 5 na 10 kwa kilo. Kwa 20, hakuna kitu. Jaribio la hotuba la mwaka 2019 kwa wanaume 57 lilitumia miligramu 150, 300 na 600, na iliyofua dafu ilikuwa 300 tu. Dozi inapanda kilima, inafika kileleni, inashuka. Kwenye kifafa tumezoea kupandisha dozi mpaka mishtuko ipungue au madhara yazidi; kwenye wasiwasi, kupandisha kunaweza kukupeleka ng'ambo ya kilima. Piga hesabu: miligramu 20 kwa kilo, kwa mtu wa kilo 60, ni miligramu 1,200. Hiyo ni mara nne ya ile 300 ya kwenye hotuba. Kwa hiyo anayesema kibali cha kifafa kinathibitisha pia nguvu ya dawa hii dhidi ya wasiwasi anazungumzia dozi ambayo watu wa wasiwasi hawakuipima.

Ongeza chakula. Mlo wenye mafuta mengi hupandisha kiasi cha kanabidioli kinachoingia kwenye damu kama mara nne. Mtu anayekunywa leo tumbo tupu na kesho baada ya kushiba amezunguka kilima chote bila kubadili kijiko.

Ongeza chupa zenyewe. Mwaka 2017 watafiti walinunua kwenye intaneti bidhaa 84 za kanabidioli za kampuni 31 na kuzipima. Asilimia 69 hazikuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Nyingine zilizidi, nyingine zilipungua. Bidhaa 18 zilikutwa na THC, na THC kwa dozi kubwa ni miongoni mwa vitu vinavyoleta wasiwasi. Mnunuzi ameingia dukani kutafuta utulivu na huenda ametoka na kinyume chake.

Kuna jaribio moja la Japani, la mwaka 2019, ninalolipa heshima kwa sababu lilitoka nje ya hotuba ya siku moja: vijana 37 wa miaka 18 na 19 wenye woga wa kijamii, miligramu 300 au plasebo kila siku kwa wiki nne, na nafuu ikaonekana. Ni dogo. Lakini limeelekea njia iliyopitiwa na watu wa Dravet: ugonjwa mmoja, umri mmoja, dozi moja, muda wa kutosha.

Ningepewa kuendesha linalofuata, ningechukua watu wa woga wa kijamii pekee na kuwaacha wenye wasiwasi wa kila aina. Ningewapa dozi tatu zinazozunguka kilele cha kilima, pamoja na chakula kilekile kila siku, na ningepima kanabidioli kwenye damu ili nijue nani yuko upande gani wa kilima. Kisha ningeongeza swali moja ambalo halina gharama. Kwenye jaribio la Dravet, usingizi uliwapata asilimia 36 ya waliopewa dawa dhidi ya 10 ya plasebo, na kuhara asilimia 31 dhidi ya 10. Mzazi anayebadilisha nepi mara sita kwa siku anaweza kukisia chupa yake ina nini, na kuanzia hapo jicho lake linarudi kuwa lile la Colorado. Mshtuko wa mwili mzima unaweza kuhimili jicho la namna hiyo. Hofu haihimili, kwa kuwa anayeihesabu ni yuleyule anayeisikia. Kwa hiyo siku ya mwisho, kabla ya kufunguliwa bahasha zinazoonyesha nani alipewa nini, kila mshiriki angeulizwa: unadhani ulipewa nini?